Mgeni wa Saba

Saa za Malawi ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja, na Yusta Mgaya alikuwa ameliweka hilo kwenye hesabu yake. Kila kitu alikuwa amekiweka. Kuondoka Lilongwe saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa saa za huko. Kufika Dar es Salaam saa mbili na robo kwa saa za nyumbani. Kuunganisha ndege ya Iringa saa tatu na dakika arobaini, kutua Nduli kabla ya saa tano. Kutoka hapo hadi Kalenga, hata akisimama mjini kununua kitenge cha kuvaa juu ya suruali yake ya kupandia milima, isingezidi saa moja na nusu. Kikao cha mahari kilipangwa saa tisa alasiri. Alikuwa na akiba ya zaidi ya saa mbili na nusu.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mpimaji ardhi, na kila mwaka alitumia likizo yake kutembea na shanta mgongoni katika nchi ambayo hajafika. Kaka yake Marcelino alimwita mtalii. Mwaka huu ilikuwa Malawi: siku tano mlimani Mulanje, kisha ziwani. Tiketi ya basi ya kurudi ilikuwa ya Jumatatu. Jumatano Faustina alipiga simu.

"Shangazi, kikao ni Jumamosi hii."

"Si walisema mwisho wa mwezi?"

"Baba mkubwa amekiwahisha. Wanataka ndoa mwezi wa tisa, na nikishaolewa nihamie Tukuyu. Chuo nimebakiza mwaka mmoja na mwezi. Nimemwambia Ipyana, anasema yeye hana shida, ila hasemi mbele ya wazee wake. Mimi siruhusiwi kukaa kwenye kikao. Mama yupo jikoni."

"Anayeruhusiwa kuweka sharti upande wetu ni nani?"

"Shangazi, unaniuliza jambo unalolijua."

Alilijua. Baba yake Faustina, Fred, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na Marcelino, kaka mkubwa wa Fred na Yusta, ndiye aliyekalia kiti. Lakini katika ukoo wao sharti la upande wa binti husemwa na dada wa baba, akiwa amekaa kuume kwa mwenyekiti. Husemwa kwa kinywa, si kwa simu. Na mahari haipokelewi jua likishazama. Wageni wakikutwa na giza hugeuza na mizigo yao. Yusta hakuona mantiki ya mambo haya, lakini aliyajua kama alivyojua sheria za barabarani. Faustina alikuwa anakaribia kuingia mwaka wa mwisho wa uuguzi Iringa, na Tukuyu ni karibu kilomita mia nne. Akihamia huko mwezi wa tisa, mtihani wa mwezi wa saba mwakani hataufanya. Hilo halikuhitaji hisia, lilihitaji mtu wa kulisema. Alinunua tiketi ya ndege siku hiyohiyo.

Siku ilianza kuharibika pale Lilongwe. Mlinzi alizitoa fimbo zake mbili za kupandia mlima kwenye shanta, akazipima kwa shibiri, akasema ni silaha. Yusta alisema ncha zake ni za mpira. Mlinzi alikubali kwamba ni za mpira, kisha akasema ni silaha za ncha za mpira. Shanta likaenda chini kwenye mizigo. Dar es Salaam alisubiri dakika thelathini na nane mpaka litoke, kisha akatakiwa aonyeshe kadi ya homa ya manjano, ambayo ilikuwa kwenye mfuko wa ndani kabisa wa shanta, chini ya viatu vyenye matope. Alipofika kwenye kaunta ya ndege ya Iringa alibakiwa na dakika nne. Zilitosha. Ndege yenyewe ilichelewa dakika ishirini na tano, na hakuna aliyesema kwa nini.

Aliyekaa pembeni yake alikuwa Sahil Fidahussein, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Iringa, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Walifahamiana kwa mbali. Yusta alikuwa amepima kiwanja cha ghala lake.

"Dada Yusta! Unatoka vitani?" alisema akitazama viatu vyake.

"Malawi."

"Kwa ndege? Kupitia Dar? Malawi si hiyo hapo Kyela?"

"Kwa basi ningefika kesho."

"Haya," alisema Sahil, akafunga mkanda na kulala.

Saa tano na dakika tano walikuwa juu ya Iringa. Yusta alijua kwa kutazama saa, kwa sababu chini hapakuonekana kitu. Ilikuwa mwezi wa sita, na wingu la baridi lilikuwa limelala juu ya mji kama unga uliomwagika. Ndege ilizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Rubani akasema haoni uwanja na wanaelekea Songwe, Mbeya.

"Songwe," alisema Yusta.

"Songwe," alisema Sahil, akiwa bado amefumba macho.

Walitua saa sita kasoro dakika kumi. Jua la Songwe lilikuwa kali na safi kabisa, jambo lililomuudhi zaidi. Alifungua ramani kwenye simu. Hadi Iringa, kilomita mia tatu na hamsini. Hadi mpaka wa Malawi, kilomita mia moja na thelathini hivi. Tangu alfajiri alikuwa amepanda ndege mbili na kuvuka nchi kutoka kona hadi kona, na sasa alikuwa karibu na Malawi kuliko nyumbani.

Akamfuata msichana wa shirika aliyeshika redio.

"Tunaruka lini kurudi Iringa?"

"Tunasubiri taarifa, dada."

"Taarifa ya nini?"

"Ya hali ya hewa."

"Itakuja saa ngapi?"

"Ikija tutawataarifu."

"Ya mwisho ilisemaje?"

Msichana akatazama karatasi. Wingu liko mita mia moja kutoka ardhini, alisoma, na halijaonyesha dalili ya kupanda. Hicho kilikuwa kitu cha kushika. Yusta alikaa juu ya shanta akapiga hesabu. Jua lingezama saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Basi la kwanza kupita stendi lingefika Iringa saa moja usiku. Kusubiri ndege ni kuweka hatima ya Faustina mikononi mwa wingu.

"Subiri," Sahil alimwambia. "Mimi nauza mabati mwaka wa ishirini na mbili. Mawingu ya Iringa nayajua. Saa saba yanafunguka."

"Hiyo ni takwimu au ni matumaini?"

"Ni mabati, dada yangu. Mafundi wangu hawapandi juu ya paa mpaka saa saba."

Yusta hakuona kwamba hilo ni jibu. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Faustina: wageni nao walikuwa wamechelewa. Walitoka Tukuyu alfajiri, bomba la rejeta likapasuka, sasa wapo Uyole wanatengeneza. Baba mkubwa amekubali kuwangoja, ila jua likizama wageuze. Chini yake ilikuwepo namba ya mshenga.

Uyole ni mashariki ya jiji, pale barabara ya Tukuyu inapokutana na barabara kuu ya Iringa. Gari la wageni lilikuwa linakwenda Kalenga, na lilipaswa kufika kabla ya jua kuzama. Yusta alihitaji kufika Kalenga kabla ya jua kuzama. Hakuona cha kujadili. Alimpigia mshenga, akakodi teksi, akamwacha Sahil anachagua sambusa.

Gari lao, Noah ya kijivu, lilikuwa limesimama mbele ya gereji, boneti wazi. Juu ya keria zilifungwa ndizi za Tukuyu mikungu mitano, na kwenye kiti cha nyuma lilikaa furushi la mablanketi lililoviringishwa kwa nailoni. Dereva, Ambokile, baba mdogo wa Ipyana, bwana harusi, alikuwa anamimina maji kwenye rejeta. Wazee watatu walikaa kwenye benchi la fundi. Pembeni yao alisimama mshenga, Amos, mwalimu mstaafu aliyevaa suti ya kahawia na kofia. Na kwenye kiti cha mbele, mlango ukiwa wazi, alikaa bibi wa bwana harusi, Alinanuswe, mwanamke mdogo wa umbo aliyejifunga vitenge viwili.

"Ndiye huyu shangazi mwenyewe?" aliuliza bibi. "Mbona amebeba nyumba mgongoni?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mume umemwacha wapi?"

"Sina, bibi."

"Ndiyo maana nyumba unaibeba."

Wazee wakacheka. Amos hakucheka. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Dada yetu, karibu sana. Ila, nisikufiche, hili si la kawaida. Wewe ni upande wa pili."

"Nafasi ipo?"

"Nafasi ipo."

"Tutafika kabla ya jua kuzama?"

"Mungu akipenda."

"Kwa mwendo wa wastani wa kilomita sabini na tano kwa saa tutafika," alisema Yusta, akalitupa shanta juu ya keria kati ya mikungu ya ndizi.

Kabla hawajaondoka aliandika kwenye kundi la simu la ukoo, kama alivyokuwa akiandika tangu alfajiri katika kila kituo. Saa 8:32, nimefika Dar, alikuwa ameandika kwa tarakimu za saa za Kizungu kimakosa, kisha akajisahihisha: 2:32. Saa 5:50, ndege imeelekezwa Songwe. Sasa aliandika: Saa 7:05. Nimepata nafasi kwenye Noah ya wageni, Uyole. Tunatarajiwa Kalenga saa 11:25. Watu kumi na saba walisoma. Marcelino peke yake ndiye aliyejibu. "Nimeona," aliandika.

Wakapita Igurusi. Bibi Alinanuswe akageuka kutoka kiti cha mbele, akampa ndizi mbivu. Yusta hakuwa amekula tangu Lilongwe. Akaimenya.

"Kwetu, mwanangu," alisema bibi, "shangazi akishushwa na gari la waoaji, watu husema ameshakula."

"Ameshakula nini, bibi?"

"Hicho unachotafuna."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Yusta aliimaliza ndizi, kwa sababu kuiacha nusu kusingebadilisha kitu, na akasema gari ni chombo cha usafiri. Bibi akasema ndiyo, hata jeneza.

Askari wa usalama barabarani waliwasimamisha mara mbili kabla ya njia panda ya Rujewa, mara moja kwa mwendo wa hamsini na sita penye hamsini. Yusta alitumia muda huo. Kwa kuwa kweli ni ileile popote inaposemwa, alimweleza Amos hali ilivyo. Chuo ni cha miaka mitatu. Umebaki mwaka mmoja na mwezi. Asiyefanya mtihani wa mwisho hapati leseni, na asiye na leseni haajiriwi hata kufagia wodi.

"Ataendelea akiwa huku," alisema Amos. "Vyuo vipo."

"Hawampokei katikati. Nimeuliza viwili kwa simu, juzi."

"Dada yangu, mwanamke akiwa na akili hasomi mpaka akazeeka."

"Ana miaka ishirini na tatu."

"Mwezi wa tisa umeshapangwa. Tumeshamwambia mchungaji."

Basi. Amos akatazama dirishani, na pale Yusta alijua kwamba ushahidi haukuwa na njia ya kuingia chini ya ile kofia. Angelisema Kalenga, kutoka kwenye kiti chake, na hapo Amos angelazimika kujibu. Kilichofuata ni bibi kuuliza, bila kugeuka:

"Akimaliza, huyo binti anachoma sindano?"

"Ndiyo, bibi."

"Ya sukari?"

"Ya sukari ni rahisi."

"Mimi nachomwa na jirani. Mkono wake ni wa kupanda viazi. Na asipomaliza?"

"Haruhusiwi kukugusa."

Bibi akasema "Ee," na hakusema tena mpaka Makambako.

Mafinga walikwama. Malori ya mbao yalikuwa yamejipanga mbele yao mpaka kwenye kona, na moja lilikuwa limemwaga magogo barabarani. Walisimama dakika arobaini na moja. Hapo simu ya Yusta ikashika mtandao, ikapokea vitu viwili kwa mfululizo.

Cha kwanza ni picha kutoka kwa Sahil: kikombe cha chai, sahani ya vitafunio vya chauro, na dirisha lenye jua. "Dada Yusta, saa saba na dakika kumi wingu likafunguka. Tumetua Nduli saa nane na nusu. Ulishuka haraka."

Aliisoma mara mbili. Saa saba na dakika kumi alikuwa Uyole, dakika tano tu baada ya kupanda. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kila alichokijua. Kasoro yake ni kwamba muuza mabati alijua zaidi.

Cha pili kilikuwa simu ya Faustina, akinong'ona.

"Shangazi, kwa nini uliandika kwenye kundi?"

"Niandike nini kingine? Ndiko nilikokuwa."

"Baba mkubwa amewasomea wote. Kwa sauti! Anasema shangazi ameshachukuliwa. Shangazi Severina amekaa kwenye kiti chako."

Severina alikuwa binti wa baba yao mdogo, mwanamke mpole ambaye kwa miaka arobaini hakuwa amempinga mtu yeyote kwa jambo lolote.

"Atasema?"

"Shangazi Severina? Ameomba maji ya kunywa. Hilo ndilo alilosema."

Yusta alikata simu akawaambia waliomo garini, kwa kifupi, kilichotokea. Ambokile akapendekeza kwa upole kwamba wakikaribia Kalenga wamshushe, atembee kilomita mbili za mwisho na shanta lake, aingie kwa mlango wake mwenyewe. Wazee wakaona ni busara. Amos pia.

"Wameshasoma," alisema Yusta. "Nitembee nimdanganye nani?"

"Si uongo, ni heshima," alisema Amos.

"Ni uongo wa kilomita mbili."

Bibi Alinanuswe akamgeukia, akamtazama kwa muda. "Kichwa kigumu kama mkungu mbichi," alisema.

Walifika saa kumi na mbili na dakika kumi. Jua lilikuwa bado juu ya vilima, jekundu, kwa upana wa vidole vitatu. Lango la nyumba ya marehemu Fred lilikuwa limefungwa, kama inavyotakiwa, na wageni wakasimama nje wakiwa wamejipanga. Yusta alilijua lango lile. Alikuwa amelipaka rangi mwenyewe. Akashika komeo. Marcelino akatokea upande wa pili, mrefu, koti begani, akaweka kiganja juu ya mkono wake.

"Kamwene, mtalii," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kaka, fungua. Jua linazama."

"Nafungua. Kwanza nahesabu wageni." Akahesabu kwa kidole, taratibu. "Saba."

"Sita."

"Walioshuka kwenye gari ni saba. Wewe si ndiye mtu wa hesabu? Nami nimehesabu vichwa."

"Mimi ni dada yako."

"Dada yangu alikuwa aje kwa ndege. Ndege imetua saa nane na nusu, tumeisikia ikipita. Dada yangu hakuwemo." Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. "Yusta, sheria sikuitunga mimi. Aliyekuja na wageni ni mgeni. Ukikaa upande wetu, kesho watasema tulinunuliwa kwa nafasi ya gari."

Yusta alitafuta kosa katika maneno hayo, na kilichomchoma ni kwamba hakuliona. Kanuni ilikuwa ya kijinga, lakini ilikuwa imetumika sawasawa.

Aliketi mwisho wa benchi la wageni, viatu vyake vya matope vikiwa wazi mbele ya watu thelathini. Upande wa pili, kuume kwa Marcelino, Severina alishika glasi ya maji kwa mikono miwili. Amos alisimama, akavua kofia, akataja walichokuja nacho na walichokuja kuomba: ndoa mwezi wa tisa. Katibu akaandika. Nje ya dirisha jua lilikuwa limebaki vidole viwili.

"Upande wetu," alisema Marcelino, "shangazi ana neno?"

Severina akatikisa kichwa.

Yusta akasimama. "Mimi ninalo."

"Wageni husema kupitia msemaji wao," alisema Marcelino bila kupaza sauti. "Keti, mgeni."

Kulikuwa na kicheko kidogo. Kutoka jikoni sufuria iliwekwa chini kwa nguvu kupita kiasi. Yusta alikuwa bado amesimama. Alimgeukia Amos, kwa kuwa hakukuwa na mlango mwingine, akasema polepole mbele ya watu wote:

"Msemaji wangu, nisemee."

Amos akatazama kofia yake.

Vidole viwili vya jua vikawa kimoja na nusu. Ndipo bibi Alinanuswe akamgonga Amos gotini kwa fimbo, na Yusta akaona kwamba ilikuwa moja ya fimbo zake za kupandia mlima, zile za ncha za mpira, bibi alikuwa ameichomoa kwenye shanta bila kuomba.

"Mwalimu, mbona mgeni wetu amesimama peke yake? Mgeni wetu ni mgeni wangu. Sema."

"Mama, tulikubaliana mwezi wa tisa."

"Mlikubaliana nyie. Mimi ndiye ninayechomwa na mpanda viazi. Sema, jua linazama."

Amos akavaa kofia, akaivua. Kisha, kama mtu anayesoma barua ya mwingine, akasema kwamba upande wa wageni wanaomba, kwa hiari yao, binti amalize chuo na mtihani wake wa mwezi wa saba mwakani, ndipo ndoa ifungwe. Na kwamba hilo liandikwe.

Upande wa binti unaweza kuharakishwa na wageni, lakini haijawahi kusikika ukoo unaowasihi waoaji wachukue mapema. Marcelino akawatazama wazee wake, mmoja mmoja. Akamtazama Yusta mwishoni.

"Wageni wameomba," alisema. "Nani atawakatalia wageni? Andika."

Mahari ikapokelewa. Vifijo vikapigwa, mablanketi yakafunguliwa, na kitenge cha shangazi, cha buluu, kizito, kikakunjuliwa na kuwekwa mabegani mwa Severina, ambaye alilia kidogo kwa furaha. Faustina akaletwa amefunikwa. Alipopita mbele ya benchi la wageni alipunguza mwendo, lakini desturi haikumruhusu kusimama, na hakusimama.

Katibu akaleta karatasi ya kikao kwa ajili ya sahihi. Yusta aliisoma yote. Sharti lilikuwepo, namba nne, likiwa limeandikwa kama ombi la familia ya Tukuyu. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya ukoo. Lilikuwa chini, upande wa wageni, la saba. Palikuwa na kosa moja. Wageni waliandikwa kuwasili saa kumi na mbili kamili.

Akakata, akaandika saa kumi na mbili na dakika kumi, akaweka herufi za jina lake pembeni ya sahihisho, na kutia sahihi kwenye mstari wa saba.